Hatujasahau korona, tumeshindwa kuilipia

Pale Majengo, nyuma kidogo ya soko, kuna mama lishe ambaye nimekuwa mteja wake tangu wizara zilipoanza kuhamia Dodoma. Machi 2020 alinunua ndoo ya lita 20 yenye koki, akaitegesha juu ya stuli mlangoni, akakata sabuni ya mche vipande na kuviweka kwenye kifuniko cha kopo. Hakuna aliyepita bila kunawa. Ukijifanya una haraka, anakuita mbele za watu: "Baba, mikono!" Ndoo ile ipo mpaka leo, koki yake ileile. Ila sasa ndani yake kuna juisi ya ubuyu, glasi shilingi 500. Anayetaka kunawa anaomba jagi, na saa saba mchana, wateja wakiwa wamebanana kwenye mabenchi, wengi hawaombi.

Niliikumbuka ndoo hiyo miezi michache iliyopita, kwenye kikao cha afya na usalama kazini hapa hapa mjini. Mkubwa mmoja alisimama akasema Watanzania ni wepesi wa kusahau: tumezika watu mwaka 2021, na leo mtu anakohoa ofisini bila hata kuziba mdomo, anapeana mikono na kila anayepita, kana kwamba korona haikuwahi kuja. Ukumbi mzima ukaitikia. Hata mimi niliguna kukubali. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona kwamba kuna neno moja nililolikubali haraka mno, neno "kusahau".

Kwanza nimtendee haki yule mkubwa, kwa sababu anachokiona kipo. Panda daladala ya Mtumba asubuhi. Mwaka 2020 makondakta walikuwa wakiimba "levo siti", abiria wote wamekaa, hakuna kusimama. Leo watu wamening'inia mlangoni, na akitokea mwenye kikohozi kizito, wa jirani yake anageuza uso tu. Barakoa zimebaki hospitali. Vitakasa mikono kwenye mapokezi ya ofisi vingi vimekauka, chupa imebaki kama pambo. Na yule mkubwa alikuwa na hoja ya pili, nzito kuliko ya kwanza: alisema muda wa kujifunza tulikuwa nao wa kutosha. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020. Siku iliyofuata shule zikafungwa, na zikafunguliwa zote Juni 29. Hizo ni siku 104. Kama siku 104 hazikutosha kumfundisha mtu mzima kunawa, zitatosha ngapi?

Hoja hiyo ina utafiti nyuma yake, na ni utafiti unaopendwa sana kwenye semina. Timu ya Phillippa Lally wa University College London iliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kufanya kila siku, kama kunywa glasi ya maji au kutembea kidogo, na kulifanya baada ya tukio lilelile, tuseme baada ya kifungua kinywa. Watafiti walitaka kujua inachukua siku ngapi mpaka jambo lile lifanyike lenyewe, bila mtu kujikumbusha. Wastani ulikuwa siku 66. Ndiyo maana utamsikia mwezeshaji wa semina akisema kwa uhakika: siku 66, tabia imejengeka. Sisi tulipata 104 na bado hatukujengeka. Kwa hesabu hiyo, tatizo ni watu.

Takwimu hii nimeizungusha sana kichwani, maana inabebeshwa mzigo usio wake. Kitu cha kwanza, 66 ni wastani tu. Katika kundi lile kulikuwa na aliyezoea kwa siku 18, na kuna ambaye hesabu ilionyesha angehitaji siku 254. Mtu wa siku 254 angekuwa bado anajikumbusha kunawa mwishoni mwa Novemba. Hilo peke yake lingetosha kutupunguzia ukali wa kuhukumiana. Lakini kubwa zaidi ni lile tukio la kila siku ambalo tabia ilifungwa kwalo. Mtu wa utafiti ule alimaliza kifungua kinywa, na kifungua kinywa kilikuwepo kesho yake, na keshokutwa. Jambo jipya lilikuwa na kigingi cha kufungiwa. Kwetu kigingi kilikuwa ndoo. Ukiiona ndoo mlangoni, mkono unaenda wenyewe kwenye koki. Ndoo ilipoondoka, au ilipobaki pale bila maji, hakuna kilichosahaulika kichwani mwa mtu. Kilichoondoka kilikuwa mlangoni. Mwanasaikolojia Wendy Wood na wenzake waliwahi kuwafuatilia wanafunzi waliohamia chuo kingine, wakaona kwamba mazoea ya siku nyingi, kama kufanya mazoezi au kusoma gazeti, yalivunjika pale mazingira yalipobadilika, hata kama mwanafunzi mwenyewe hakuwa amebadili nia. Nadhani mtumishi yeyote aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam kuja huku analijua hilo bila kusoma utafiti.

Sasa tuulize swali ambalo kwenye kikao kile hakuna aliyeliuliza: ndoo iliondoka kwa nini?

Nilimuuliza mama lishe. Alinihesabia kwa vidole. Kwa siku anapata wateja kama 80. Kila mmoja akitumia nusu lita ya maji kunawa, hizo ni lita 40, madumu mawili. Bomba likitoka hana shida. Lakini Dodoma tunaishi kwa mgao, na siku ambayo si zamu ya mtaa wake, dumu kwa msukuma mkokoteni ni shilingi 500. Elfu moja kwa siku, sabuni bado. Bomba likigoma mwezi mzima, siku 26 za kazi, ni kama shilingi 26,000 za maji ya kunawa peke yake, kwa mtu anayeuza wali maharage kwa shilingi 2,000. "Ni sahani kumi na tatu hizo," alisema, "nawapikia watu, halafu naimwaga chini."

Tuko kwenye nchi kame. Mvua zetu huanza kama Desemba na kufikia Aprili zinaaga, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 600, mara nyingi pungufu. Mji unategemea zaidi visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, na watu wameongezeka kuliko bomba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji la Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Kumwambia mama lishe wa mji huu kwamba amesahau kunawisha wateja ni kumsingizia. Anakumbuka kila dumu.

Na mwaka 2020 maji yaleyale alikuwa akiyalipia kwa furaha. Kwa nini? Kwa sababu wakati ule mteja alikuwa akitazama mlangoni kwanza. Pasipo na ndoo, anapita. Ndoo ilikuwa inaleta watu kuliko harufu ya pilau. Hofu ya mteja ndiyo iliyokuwa ikilipia maji. Hofu ilipopungua, bei ya dumu haikupungua, na ndoo ikawa hasara tupu. Hapo mfanyabiashara mwenye akili timamu anafanya alichofanya yeye: anaijaza kitu kinachouzika.

Mkubwa yule angenijibu, na angekuwa na haki, kwamba mteja ndiye aliyeacha kudai. Kweli. Mteja aliacha kutazama mlangoni. Lakini hapo tena sioni kusahau, naona kitu kingine ambacho hatujakizungumza sawasawa.

Korona yetu ilikuwa na historia yake. Takwimu rasmi zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo ugonjwa uliendelea bila hesabu, na kwa muda ukaendelea bila jina. Miezi ya mwanzo ya 2021, kila aliyezika ndugu anakumbuka tulivyokuwa tukisema: "changamoto ya upumuaji". Mtu anaaga dunia kwa changamoto ya upumuaji, jirani anakuja msibani na barakoa, anakaa mbali kidogo, haulizi. Chanjo ya kwanza ilifika Julai 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani Julai 28. Hapo jina likarudi midomoni. Lakini ile miezi ya kimya haikuwahi kusimuliwa. Hatukuwa na siku ya kukaa chini na kuhesabiana nani alikwenda. Mtu asiye na maneno ya kusimulia jambo anaonekana kama hana kumbukumbu nalo. Ukitaka kujua anakumbuka nini, mtazame anachofanya.

Wagogo wanalijua hili kuliko wengi wetu tuliohamia. Kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, ukame ukaja, na ile mafua kuu ya dunia ikaja juu yake. Njaa ile waliipa jina, Mtunya. Wanahistoria wanakadiria iliondoka na watu 30,000 kati ya 150,000 waliokuwa wakiishi Ugogo. Ni wachache leo wanaoweza kukusimulia Mtunya kwa tarehe. Lakini nenda Chamwino au Bahi kwenye nyumba ya mzee, mwulize kwa nini bado analima uwele na mtama wakati vijana wanataka mahindi, kwa nini ng'ombe wake wengine wako kwa shemeji kijiji cha tatu, kwa nini mavuno mazuri hayamfanyi auze yote. Hatakutajia mwaka wowote. Kumbukumbu imehamia kwenye ghala na kwenye zizi. Na neno kuhemea, kwenda mbali kutafuta chakula mwaka wa shida, bado lina uzito wake hapa.

Kwa hiyo nilianza kutazama mikono ya watu badala ya kusikiliza midomo yao, na nikaona mengi ambayo korona iliyaacha yakaota mizizi.

Tangawizi ni mfano mmoja. Kabla ya 2020, muuza genge mtaani kwetu Nkuhungu alikuwa na kafungu kadogo ka tangawizi pembeni ya viungo vya pilau. Wakati wa korona, tangawizi, limao na kitunguu saumu vilipanda bei kwa siku moja. Bei ilishuka baadaye, ila tangawizi haikurudi pembeni. Ipo mbele, karibu na nyanya, na mtoto akipiga chafya mara mbili mama anatuma mtu gengeni. Nyungu nayo: watu hawaitangazi tena, lakini mwezi wa Juni, baridi ya Dodoma inapoanza kuchoma, harufu ya mikaratusi inapita kwenye madirisha ya wapangaji usiku. Huyo anayejifukiza saa nne usiku, peke yake, bila kumwambia mtu, hajasahau.

Mfano mwingine ni fedha. Watafiti Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walichunguza kumbukumbu za miaka mingi za kaya za Marekani, wakaona kwamba waliopitia vipindi vya uchumi mbaya wanaendelea kuogopa kuweka fedha kwenye mambo ya kubahatisha hata miaka mingi baadaye, wakati ambapo hali imeshatengemaa. Kwa watumishi ninaofahamiana nao hapa, hofu hiyo imechukua sura ya kuku, ya mashamba ya zabibu Hombolo, ya duka dogo la vifaa vya shule linalosimamiwa na mdogo wa mtu. Kabla ya 2020 mtumishi mwenye mradi pembeni alionekana ana tamaa. Leo asiye nao ndiye anayeulizwa anategemea nini. Waajiri wengi wanalalamika kwamba moyo wa mfanyakazi hauko ofisini, na sina ubishi kwamba saa za ofisi zinaliwa na simu za kuku. Lakini mtu aliyeshuhudia mwaka 2020 mwalimu wa shule binafsi akikaa miezi bila mshahara, na kijana wa hoteli ya utalii akirudishwa kwao kwa sababu watalii walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi laki 6 na ushee mwaka uliofuata, huyo hawezi tena kuweka mayai yake kwenye kapu la mwajiri mmoja. Amejifunza, na amejifunza vizuri.

Malipo ya simu yananionyesha jambo lilelile kwa upande mwingine. Korona iliwafanya wengi waogope noti, wakazoea kulipa kwa simu. Julai 15, 2021 ikaja tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi unachotuma. Tabia iliyojengwa kwa mwaka mzima iliyumba papo hapo: watu wakarudi kutembea na noti mfukoni, mpaka serikali ikaipunguza tozo kwa asilimia 30 mwaka huohuo, na baadaye ikaendelea kuilegeza. Leo kibao cha lipa namba kiko hata kwenye meza ya muuza karanga. Hakuna aliyesema mwaka ule kwamba Watanzania wamesahau kulipa kwa simu. Kila mtu alisema gharama imepanda. Kwa nini basi kwenye simu tuone gharama, na kwenye ndoo ya maji tuone usahaulifu?

Nije kwenye kikohozi cha ofisini, ambacho ndicho kilichomuudhi zaidi yule mkubwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Kwa karatasi ni sheria nzuri. Lakini ina mlango wake, cheti cha daktari, na karatasi ile inayokupumzisha kazini, ambayo kila mtu anaiita ED, haiji kitandani. Mwenye mafua makali anayetaka kubaki nyumbani siku mbili asiambukize wenzake anapaswa kuamka, kupanda bajaji, kukaa foleni kwa muda wa saa tatu na wagonjwa wengine, ndipo apate ruhusa ya kulala. Kwenda ofisini ni rahisi zaidi. Na aliye kazini chini ya miezi 6 kwa kawaida hana haki hiyo, huku kibarua wa kulipwa kwa siku, ambaye ndiye mwingi kwenye viwanda vidogo, masoko na majengo yanayoota kila kona ya mji huu, hajui hata kama sheria hiyo ipo. Yeye siku aliyoumwa ni siku isiyo na hela.

Wapo wanaosema ukilegeza hapo watu watadanganya. Ni hoja ya kweli, na nisingependa kuipita haraka. Uswidi ilipopunguza malipo ya ugonjwa mwaka 1991, siku za kuumwa zilipungua. Ina maana kuna waliokuwa wakiumwa kwa sababu kuumwa kulilipa. Hapa kwetu pia, ED za kupatana tunazijua, na Jumatatu baada ya mwisho wa mwezi ina wagonjwa wengi kuliko Jumatano. Ofisi ikiwa na meza moja inayohudumia wananchi waliotoka Mpwapwa na Kondoa kwa nauli ya kukopa, wakakuta kiti kitupu na koti limening'inia, mwananchi yule hajali kama mwenye koti ana mafua au ana harusi. Amepoteza siku na nauli. Maumivu yake ni halali, na ningekuwa mimi ningekasirika.

Lakini ile hesabu ya Uswidi haituambii waliopungua ni akina nani. Baadhi walikuwa wadanganyifu. Baadhi walikuwa wagonjwa walioamua kuja kazini na ugonjwa wao. Kwenye daftari la mahudhurio wote wawili wanafanana. Marekani walilipata jibu la upande wa pili kwenye korona yenyewe: Machi 2020 Bunge lao lilipitisha sheria ya muda iliyowapa wafanyakazi wengi mpaka wiki mbili za kuumwa kwa malipo. Watafiti walipolinganisha majimbo ambayo wafanyakazi walipata haki hiyo kwa mara ya kwanza na yale ambayo tayari walikuwa nayo, waliona upungufu wa wagonjwa kama 400 kwa siku kwa kila jimbo. Wagonjwa 400 kila siku, kwa sababu tu mtu aliweza kubaki kitandani bila kupoteza mshahara. Watu wale hawakuwa na kumbukumbu kali kuliko yetu. Walilipiwa.

Kuna jambo jingine kuhusu Dodoma ambalo takwimu za kwingine hazilioni. Wenzetu wengi huku wanaishi peke yao. Mke au mume yuko Dar es Salaam na watoto kwa sababu ya shule, yeye amepanga chumba na sebule Ilazo au Nzuguni, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma Julai 2024, Ijumaa jioni anaondoka, Jumatatu anarudi. Mtu huyu akiumwa katikati ya wiki, "baki nyumbani" kwake ina maana gani? Ni chumba chenye birika moja. Hakuna wa kumchemshia uji, hakuna wa kujua kama homa imepanda usiku. Ofisini kuna watu, kuna atakayemwona akiyumba amshike mkono ampeleke zahanati. Nilimuuliza mmoja kwa nini alikuja na homa, akanijibu: "Kaka, nikifia ofisini mtanijua. Nikifia kule, mwenye nyumba atanijua mwisho wa mwezi." Alisema hivyo huku akikohoa kwenye kiwiko cha mkono. Kiwiko kile alifundishwa mwaka 2020, na bado anakitumia.

Juni iliyopita nilikuwa Kizota, kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti. Ulikuwa msimu, magunia ya Kongwa na Chamwino yamepangwa mpaka nje ya geti, wenyewe wamelala juu yake wakisubiri zamu. Opareta wake alikuwa na homa, macho mekundu, anapangusa kamasi kwa shati. Nilimwambia mzee, huyu apumzike. Akanionyesha foleni kwa kidevu. "Huyu ndiye anayejua mashine hii. Akilala, mashine inalala. Mashine ikilala siku mbili, hawa wote wanavuka barabara kwa jirani, na msimu ukiisha nawalipa nini?" Nilimgeukia opareta. Yeye aliogopa kitu tofauti kabisa: "Nikikaa siku mbili, ya tatu namkuta mwingine kwenye mashine yangu." Mmoja anaogopa hakuna wa kushika nafasi, mwingine anaogopa yupo. Wote wawili walizika mtu mwaka 2021. Mzee alimzika kaka yake. Wote wawili wanajua homa na kikohozi vinaweza kuishia wapi. Wamesimama umbali wa mita moja, wakiwa na kumbukumbu ileile, na hakuna kati yao mwenye fedha ya kuigharamia peke yake.

Hapo ndipo namkosoa yule mkubwa wa kikaoni kwa moyo wote. Ukishasema watu wamesahau, dawa yake inakuwa kuwakumbusha: bango, semina, tisheti. Vyote vina bajeti. Dumu la maji la mama lishe halina bajeti, wala siku mbili za opareta. Halmashauri inayokusanya ushuru kwa mama lishe ingeweza kumwekea koki moja ya pamoja kwenye mstari wa vibanda, gharama ya maji ikakatwa humo humo kwenye ushuru wake. Ofisi zetu zingeweza kumwamini mtu siku mbili za mwanzo za mafua bila ED, zikadai cheti kuanzia siku ya tatu. Mdanganyifu atapata siku mbili zake, ndiyo, ila mgonjwa wa kweli hataiambukiza idara nzima. Kiti cha kumhudumia mwananchi wa Kondoa kiwe na watu wawili wanaojua kazi ileile, maana hata likizo na uhamisho vinakiacha kitupu kama kinavyoachwa na mafua.

Nilirudi Kizota Agosti. Mzee alikuwa amemchukua kijana aliyekuwa akifunga mashudu kwenye viroba, akamweka kwa opareta wiki tatu ajifunze kuisikiliza mashine, ajue mlio wake unapobadilika. Katikati ya Julai opareta aliumwa tena, akabaki kwake Chang'ombe siku mbili. Nilimuuliza mzee kama alimlipa.

"Nusu," alisema. "Nzima sikuweza."

Kijana alikuwa kwenye mashine wakati tunaongea. Mafuta yalikuwa yanatoka meusi kidogo kuliko ya mwenzake, na mama mmoja wa Kongwa aliyeleta magunia manne alikuwa amesimama juu ya pipa akiyatazama, hajaamua kama atayalalamikia.